Je, Ujumbe Wako Umefika?

(Mazungumzo yaliyotangazwa redioni. Somo: Luka 1:57-64 na Marko 7:31-37.)

  Ikiwa umeketi jikoni na redio iko juu ya kabati, au uko shambani nayo imetundikwa mtini, karibu tuwe pamoja kwa dakika hizi chache.

Leo nataka tuzungumze juu ya kuzungumza kwenyewe. Tangu kupambazuka hadi tunapolala tunasema na watu. Twaamkiana, twaulizana habari, twatumana, twabishana, twasameheana. Jambo hili tumelizoea kama kupumua, hata hatujiulizi linafanyikaje. Lakini ndugu yangu, mbona watu wa nyumba moja, wenye lugha moja, wanaopakua katika chungu kimoja, waweza kukaa mwaka mzima bila kuelewana? Swali hilo si dogo. Nyumba nyingi zimebomoka kwa sababu ya neno ambalo halikufika.

Na tuanze na mambo ya msingi. Ili habari itoke kwangu na kukufikia wewe, vitu vitano vyahitajika. Kwanza, awepo mwenye habari. Pili, iwepo habari yenyewe. Tatu, iwepo njia ya kuipeleka. Nne, awepo wa kuipokea. Na tano, jambo ambalo wengi wetu twalisahau, lirudi jibu kumwambia yule wa kwanza kwamba habari yake imefika, na imefika ilivyo.

Chukua mfano wa huku kwetu Katelembo, karibu na mji wa Machakos. Mama mmoja ataka kuita mwethya, yaani jirani wanaosaidiana kazi kwa zamu, waje kesho kumchimbia matuta shambani. Asimama ukingoni mwa shamba lake, apaza sauti kumwita jirani aliye ng'ambo ya bonde. Mama ndiye mwenye habari. Habari ni kwamba waje kesho asubuhi na majembe. Njia ni sauti yake. Jirani ndiye mpokeaji. Sasa upepo ukivuma, jirani akasikia "keshokutwa", itakuwaje? Mama atalala akiamini kwamba amewaita watu. Asubuhi atangoja peke yake mpaka jua liwe kali, na moyoni atasema, "Kumbe jirani zangu wananidharau." Wala hawakumdharau. Neno lake liliishia bondeni. Lakini kama jirani angalijibu, "Kesho saa moja, tumesikia!" mama angalijua, na kama jirani amekosea angalimsahihisha papo hapo.

Ugomvi mwingi, msikilizaji, huanzia katika bonde kama lile. Mmoja ana hakika kwamba alisema. Mwenzake ana hakika kwamba hakuambiwa. Na wote wawili wanasema kweli.

Historia ya Ukambani nayo yatufundisha jambo hilo. Mwaka 1849 mmisionari Johann Ludwig Krapf alisafiri kutoka pwani hadi Kitui, akapokewa na Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Wakamba. Krapf alikuwa mtu wa bidii sana katika lugha. Mwaka uliofuata, yaani 1850, Injili ya Marko aliyoitafsiri kwa Kikamba ilichapwa mjini Tübingen, Ujerumani. Habari ilikuwa njema, na lugha ilikuwa ya wenyeji. Lakini fikiri kidogo: katika vilima vya Ukambani mwaka ule wa 1850, ni nani aliyejua kusoma? Karibu hapakuwa na mtu. Kitabu kilikuwapo, msomaji hakuwapo. Iliwapasa watu wajengewe shule na kufundishwa herufi. Agano Jipya kwa Kikamba lilitoka mwaka 1920, na Biblia nzima mwaka 1956, wakati ambapo mikono ya kuipokea ilikuwa tayari. Simlaumu Krapf hata kidogo, kwa maana yeye alitangulia kupanda mbegu. Nataka tu tuone kwamba hata habari iliyo njema kuliko zote yahitaji njia inayofika mlangoni kwa mpokeaji.

Linganisha jambo hilo na maneno mawili ambayo kila mkulima wa Machakos anayajua: fanya juu. Chimba mtaro, na udongo uutupe upande wa juu wa mtelemko, nao utakuwa tuta la kuzuia maji yasichukue shamba. Hayo ndiyo mafundisho yote, nayo yameingia katika maneno mawili ya Kiswahili chepesi, ambayo mtu aweza kuyashika hata kama hakuketi darasani siku moja. Leo vitabu vya wataalamu wa udongo katika nchi za mbali vyaandika "fanya juu" vivyo hivyo, bila kutafsiri. Neno fupi lililolenga shabaha lafanya kazi kuliko hotuba ya saa mbili.

Sasa tuangalie namna mbalimbali za kupashana habari. Wengi wetu tukisikia neno mawasiliano twafikiri juu ya mdomo, au labda simu. Lakini mdomo ni mlango mmoja tu. Katika kaunti yetu hii ya Machakos, upande wa Athi River, Chuo Kikuu cha Daystar kina kampasi yake. Mmoja wa waanzilishi wa Daystar, Donald Smith, alitoa kitabu mwaka 1992 ambamo alizihesabu njia ambazo wanadamu wote hutumia kupashana habari. Akapata 12. Kuna maneno ya kinywa, kuna maandishi, kuna hesabu, kuna picha, kuna vitu tunavyovaa na kuviweka nyumbani, kuna sauti na muziki, kuna mwendo wa mwili, mikono na uso, kuna mwanga na rangi, kuna kugusa, kuna nafasi tunayoiacha kati yetu na mwenzetu, kuna wakati, na kuna harufu pamoja na ladha.

Labda utasema, "Haya ni mambo ya wasomi." La, ndugu yangu, ni mambo ya nyumbani kwako. Mgeni amefika jioni. Kinywa chako kinasema, "Karibu sana, jisikie nyumbani." Lakini umesimama katikati ya mlango; hiyo ni nafasi. Uso umeukunja, huo ni mwili. Umetazama saa mara tatu. Huo ni wakati. Kutoka jikoni muthokoi unanukia, lakini hakuna anayeinuka kuleta sahani. Hiyo ni harufu! Je, mgeni ataamini nini? Ataamini kile kinywa kimoja, au mashahidi wale wanne? Atasema, "Ahsante, nilikuwa napita tu," na ataondoka.

Hii ndiyo kanuni ya kwanza ninayokuomba uishike leo: kinywa kikisema hivi na mambo mengine yakasema vile, watu huyaamini yale mengine. Baba amwambiaye mtoto wake kwamba anampenda, wala hana nafasi ya kumsikiliza hata robo saa kwa juma zima, mtoto huyo amesikia ujumbe. Lakini si ule uliotoka kinywani.

Basi tufungue Maandiko. Katika Injili ya Luka, mlango wa kwanza, twakutana na kuhani mzee aitwaye Zakaria. Alikuwa ndani ya hekalu akifukiza uvumba, na malaika Gabrieli akamletea habari kwamba Elisabeti mkewe atazaa mtoto katika uzee wao. Zakaria hakuamini, na kwa ajili hiyo akawa bubu mpaka siku ile neno lilipotimia. Watu waliokuwa nje wakimngoja walishangaa kwa kukawia kwake. Alipotoka, hakuweza kusema nao. Hata hivyo walitambua kwamba ameona maono, kwa kuwa aliwaashiria kwa mikono.

Miezi ikapita, mtoto akazaliwa. Siku ya nane jirani na jamaa wakakusanyika, wakataka kumwita mtoto kwa jina la baba yake. Elisabeti akakataa, akasema jina lake ni Yohana. Angalia sasa yanayotokea. Elisabeti alisema kwa kinywa, kwa lugha yao, wazi kabisa. Lakini hawakupokea. Walimwambia kwamba hakuna mtu katika jamaa yake mwenye jina hilo. Mwenye habari alikuwapo, habari ilikuwapo, njia ilikuwapo, masikio yalikuwapo. Lakini mioyo ilikuwa imekwisha kuamua kabla mama hajafungua kinywa. Akina mama wanaonisikiliza asubuhi hii wanalijua jambo hilo vizuri.

Ndipo jirani wale wakafanya jambo jema. Wakamgeukia baba, nao wakamwashiria, wamwulize yeye ataka mtoto aitweje. Zakaria akaomba kibao cha kuandikia, akaandika kwamba jina lake ni Yohana. Wote wakastaajabu. Na mara kinywa chake kikafunguliwa, akaanza kumsifu Mungu.

Katika mistari michache ile tumeona kinywa, tumeona ishara, tumeona maandishi, na nyuma ya yote tumeona miezi mingi ya kimya. Mlango mmoja ulipofungwa, jamaa ile haikumwacha mzee wao nje. Walitafuta mlango mwingine. Hawakusema, "Huyu bubu ana maoni gani? Na tuendelee bila yeye." Waliinua mikono yao wakamwuliza.

Hapo, msikilizaji, ndipo moyo wangu umesimama leo. Kwa maana katika vijiji vyetu wako watoto ambao hakuna anayewainulia mkono.

Fikiri juu ya nyumba moja wakati wa likizo. Watoto wote wamekuja nyumbani. Jioni wameketi kuzunguka chakula. Mmoja asimulia kisa cha shuleni, wote wanacheka. Nyanya asimulia habari za zamani. Baba atoa shauri la shamba. Na katikati yao ameketi kijana wa miaka 12, kiziwi tangu utoto. Aona midomo ikienda. Aona meno ya wanaocheka. Naye acheka kidogo, ili asionekane mpumbavu, wala hajui wanachekea nini. Amguse dada yake kumwuliza, dada ampungia mkono kana kwamba asema, "Ngoja, nitakuambia baadaye." Na baadaye haifiki. Mtoto huyo ameshiba chakula. Lakini ameondoka mezani na njaa.

Na jambo la kuhuzunisha zaidi ni jina. Wazazi wake walimpa jina zuri siku ya kubatizwa, lakini kijijini wengi wamwita "bubu" tu. Jirani za Zakaria walihangaika mpaka wakapata jina halisi la mtoto kutoka kwa baba asiyeweza kusema. Sisi mtoto ana jina lake tayari, nasi twalitupa kwa sababu yeye hasikii tukiliita!

Watoto walio wengi wasiosikia huzaliwa na wazazi wanaosikia. Kwa hiyo mtoto akizaliwa hivyo, nyumba nzima haina lugha yake. Hilo si kosa la mtu. Lakini kukaa miaka 10 au 15 bila kujifunza lugha hiyo, hilo twaweza kuulizwa.

Zamani hata wenye elimu walikosea hapa. Mwaka 1880 waalimu wa viziwi kutoka nchi mbalimbali walikutana Milan, Italia, wakaamua kwamba watoto viziwi wafundishwe kwa kinywa na kusoma midomo, ishara ziachwe. Uamuzi huo ulienea mbali, nao ulifika hata katika shule zetu za Afrika Mashariki. Watoto wengi walikatazwa kutumia mikono darasani. Wakakaa miaka wakijaribu kutoa sauti wasizozisikia, na masomo yenyewe yakawapita. Lakini usiku, mwalimu akiisha kwenda zake, mabwenini mikono ilifunguka, watoto wakasimuliana habari mpaka usingizi ukawachukua. Lugha haifi kwa kukatazwa.

Mwaka 1960 mtaalamu William Stokoe wa Marekani alionyesha kwamba ishara za viziwi wa nchi ile si kuigiza-igiza, bali ni lugha kamili yenye kanuni zake. Kenya nayo ina lugha yake ya ishara, ambayo viziwi wenyewe wameikuza. Katika miaka ya 1980 shule zetu zilianza kuzirudisha ishara darasani, na shule ya viziwi ya Machakos ilikuwa miongoni mwa zilizotangulia. Tena Katiba yetu ya mwaka 2010 yaagiza serikali iikuze Lugha ya Ishara ya Kenya, na imeitaja kuwa moja ya lugha tatu rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Bungeni imepewa kiti. Je, mezani kwako imepewa kiti? Kanisani kwako je?

Tena si viziwi peke yao. Hapa Machakos kipo chuo cha ufundi cha wasioona, na huko wako watu wanaosoma kwa ncha za vidole, kwa maandishi ya nukta sita yaliyobuniwa na Mfaransa Louis Braille, ambaye yeye mwenyewe alipofuka akiwa mtoto mdogo. Jicho lilipofungwa, kidole kikawa jicho. Mungu hakumwumba mwanadamu na mlango mmoja. Sisi ndio tunaobisha mlango mmoja tu, na usipofunguka twaondoka tukisema, "Hayumo."

Sasa tumtazame Bwana Yesu mwenyewe. Katika Marko, mlango wa 7, walimletea mtu kiziwi, ambaye pia alikuwa na shida ya kusema. Yesu alikuwa na uwezo wa kusema neno moja tu na mtu yule akapona. Kwa wengine alifanya hivyo. Lakini kwa huyu, alimtenga na mkutano, wakawa faraghani. Akatia vidole vyake masikioni mwake. Akagusa ulimi wake. Akatazama juu mbinguni, akaugua. Ndipo akasema neno, Efatha, maana yake ni kufunguka.

Mara nyingi tumeihubiri habari hii, nasi tumekimbilia neno Efatha. Lakini tafadhali tusimame kidogo kabla ya neno hilo. Mtu yule alikuwa kiziwi. Neno likisemwa, asingalisikia. Lakini vidole masikioni aliviona na kuvisikia mwilini: "Najua shida yako iko hapa." Mkono ulimini: "Na hapa." Macho kuelekea mbinguni: "Msaada watoka kule." Kuugua kwake, kifua kikipanda na kushuka: "Nami naumia pamoja nawe." Yesu alizungumza naye kwa ishara kwanza! Alimwambia yote kwa lugha ambayo yule mtu aliweza kuipokea, kabla ya kumponya. Hakumngoja apone ndipo aseme naye.

Hiyo ndiyo kanuni ya pili, nayo ni kubwa kuliko ya kwanza: mwenye habari ndiye atakayetembea. Si mpokeaji avuke bonde kuja kwangu. Ni mimi nivuke kwenda kwake. Na hiyo si kanuni ya waalimu tu. Ni Injili yenyewe. Mungu alikuwa na jambo la kutuambia. Alisema kwa manabii, akaandika katika mbao za mawe, akaonyesha ishara mbinguni na duniani. Na mwisho Neno lake akalivika mwili, akalileta mahali tunapokaa, lile tule nalo, lilie tukiliona, liguse wakoma kwa mkono. Mungu hakukaa ng'ambo akipaza sauti na kutulaumu kwamba hatusikii. Alivuka.

Labda utaniambia, "Mhubiri, nyumbani kwangu hakuna kiziwi wala kipofu." Vema. Lakini yuko mama yako. Tangu mwaka 2007, M-Pesa ilipoanza, imekuwa rahisi kwa kijana aliyeko Nairobi au Mombasa kumtumia mzazi pesa kwa simu. Ni baraka kubwa, wala nisieleweke vibaya. Mama hasafiri tena kwenda posta kungoja. Lakini iko nyumba ambako kila mwisho wa mwezi simu yalia mara moja, mama atafuta miwani, au amwita mjukuu amsomee: kiasi fulani, jina la mwana, tarehe, saa. Basi. Huo ni ujumbe wa mashine. Mama ashukuru, aende dukani anunue sukari. Lakini ujumbe alioungoja si ule wa tarakimu. Alitaka kuulizwa, "Mama, goti lile linaendeleaje? Mvua imefika? Mbuzi amezaa?" Wewe wasema, "Mimi namtunza mama yangu." Ndiyo, umetuma. Je, umefika?

Na baba mzee asiyesema sana naye anasema. Akiacha kumaliza chakula chake, anasema. Akikaa nje mpaka giza, anasema. Kijana aliyekuwa akiimba akichota maji, sasa ananyamaza siku ya tatu, anasema. Wahenga walituambia kwamba kunyamaza nako ni jibu. Mwenye masikio na asikie hata pasipo sauti.

Ndiyo maana Mithali, mlango wa 18, yatuonya kwamba kujibu kabla ya kusikia ni upumbavu na aibu. Na Yakobo katika waraka wake, mlango wa kwanza, ametushauri tuwe wepesi wa kusikia, na kwa kusema tusiwe na haraka. Tunapenda kusema, kwa sababu anayesema huonekana mkubwa. Lakini kusikiliza ni nusu nzima ya mazungumzo, nayo ndiyo nusu iliyo nzito.

Mimi hapa mbele ya kipaza sauti siwaoni ninyi. Sijui kama umekubali kwa kichwa, au umeguna, au umelala. Huo ndio upungufu wa redio: yapeleka sana, yapokea kidogo. Lakini wewe nyumbani kwako hukuwekewa kipaza sauti. Umepewa uso wa mwenzako, umbali wa hatua mbili.

Basi nakupa kazi tatu za juma hili. Ya kwanza: chagua mtu mmoja wa nyumbani, ukae naye robo saa, simu umeizima, redio pia umeizima, hata kama ni mimi ninayesema. Umsikilize, usimkatize. Kisha umwambie kwa maneno yako mwenyewe, "Nimekusikia ukisema hivi. Je, ndivyo?" Hilo ndilo jibu la ng'ambo ya bonde, linalomjulisha mwenzako kwamba amefika.

Ya pili: kama kuna kiziwi katika jamaa yako, mtaani, au kanisani, mwendee umwombe akufundishe ishara tano. Ishara ya salamu, ya asante, ya kula, ya samahani, na ishara ya jina lake. Usiogope kukosea, atacheka, na kicheko hicho safari hii atajua sababu yake. Ninyi wazee wa kanisa, ulizeni katika baraza lenu ni nani atakayesimama mbele Jumapili kutafsiri mahubiri kwa mikono, na kama hayupo, ni kijana gani mtakayemtuma akajifunze.

Ya tatu: yuko mtu ambaye hamjasemezana kwa sababu ya neno moja. Huenda neno lile halikufika kama lilivyotoka. Usimtume mtu. Usiandike katika simu. Vuka bonde wewe mwenyewe, uende akuone uso.

Na tuombe. Bwana Mungu wetu, twakushukuru kwa kuwa hukutusemesha kwa mbali, bali ulikuja kwetu. Utusamehe kwa milango ambayo hatukuibisha. Mkumbuke usiku huu kila mtoto aliyeketi kimya katikati ya wanaocheka, na kila mzazi angojaye sauti. Utufungue masikio kabla ya kutufungua vinywa. Na mikono yetu iseme yale ambayo midomo yetu yakiri. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.